Kutembea Bila Wewe, Mama

Mama yangu ninayekuita bado,

Nakukumbuka Makutupora, ukipalilia mizabibu ya watu tangu jua halijachomoza, kisha ukijitwika debe la maji kurudi nyumbani. Neno mazoezi hukulijua. Mwili wako haukuwa na nafasi ya kulihitaji.

Serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi, baba akapata duka mjini, nawe ukapata kiti nyuma ya kaunta. Siku moja ulikwenda kanisani kwa miguu, naye akanuna mpaka jioni. "Mke wangu akionekana barabarani na vumbi miguuni, watasema duka limefilisika." Ulicheka. Lakini tangu siku ile ulipanda gari, hata kwenda kwa jirani wa mtaa wa pili.

Ulipofariki kwa saratani ya titi, nilimuuliza daktari kama ni kile kiti. Alikataa kunipa jibu hilo. Kwa mtu mmoja, alisema, hakuna ajuaye; ila wanaoushughulisha mwili mara kwa mara hupunguza hatari ya kuugua, ingawa hakuna aliye salama kabisa. Kwa hiyo simlaumu mtu, mama. Nina hamu nawe tu, hamu inayonijia hata nikifunga kamba za viatu.

Sasa mdogo wako ndiye anayeuza dukani. Mama mdogo ana uso wako ule ule, na nikimwona amekaa kutwa nzima naogopa kukuzika mara ya pili. Nilimbembeleza tutembee alfajiri. Akasema yeye si mtoto wa shule wa kukimbizwa mchakamchaka. Nikaendelea kumbembeleza.

Juzi akatoka, amejifunga khanga mbili, uso umekunjamana. Tukashika njia ya Msalato. Unajua kwetu mwanamke anayekwenda mbio alfajiri, mikono mitupu, anakwenda msibani. Muuza maandazi akaacha kukanda, akatupa pole, akauliza nani amefariki.

"Bado hakuna," mama mdogo akamjibu, akihema. "Ndiyo maana tunatembea."

Yule mama wa maandazi akacheka, nami nikacheka. Kisha nikatangulia kidogo, asinione machozi. Nilitaka kurudi nimwambie yule mama kwamba yupo aliyefariki, nimtajie na jina lako. Lakini mama mdogo alikuwa ananifuata, na sikutaka asimame.

Pumzika, mama. Kesho tunatoka tena.

Mwanao wa kwanza