Sauti ya Kidato cha Pili

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nisiseme. Hata kunong'ona, daktari amekataza. Kivimbe cha kooni kitatolewa Mwanza wiki ijayo. Sauti kurudi — hawezi kuahidi. Nimerudi Dutwa nimeegemea dirisha la basi, pamba imepasuka mashambani, nyeupe, kimya. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote kwa mdomo. Sasa?

Jumatano, 14 Mei
Madamu Winnie, mwalimu wa kompyuta, amekuja na wazo. Tutengeneze tovuti ya darasa langu. Mimi niandike masomo, wanafunzi wayasome, awarekodi kwa simu yake. Nikamwandikia kwenye karatasi: nani atasikiliza? Akacheka. Shuleni kuna kompyuta, nyumbani kuna simu za wazazi. "Wewe andika tu, Mwalimu Method."

Ijumaa, 16 Mei
Tovuti ipo. Ukurasa mmoja, jina la darasa, nafasi ya maswali. Nimeitazama kama mtu anayetazama nyumba yake mpya kwa mbali.
Wanafunzi waligombania simu, kila mmoja akitaka kusoma. Ng'washi alibaki nyuma. Tangu ahamie kutoka Zagayu hasemi darasani — wenzake humcheka, eti Kiswahili chake kina Kisukuma kingi. Walipotoka akasogea.
"Mwalimu, naomba nijaribu."
Akasoma taratibu, kama anayemsimulia mtu mgonjwa. Alipomaliza, Winnie alisahau kuzima rekodi.

Jumapili, 18 Mei
Baada ya ibada nimelala kidogo. Nimeota nafundisha katikati ya pamba. Nafungua mdomo, inatoka sauti ya Ng'washi, na mimi sishangai. Ng'ombe wamesimama wanasikiliza. Nimeamka mwepesi, sijui kwa nini.

Jumanne, 20 Mei
Jana darasa zima walimsikiliza kwenye kompyuta. Hakuna aliyecheka. Leo ananisimulia, macho chini: mama yake alisikiliza somo shambani akichuma pamba, akaomba lirudiwe. Akauliza huyo mwalimu ni nani.
"Nikamwambia ni mimi. Hakuamini."
 

Alhamisi, 22 Mei
Mwanza. Kitanda cha dirishani. Ziwa linaonekana kipande, linang'aa, linafifia. Niko hapa, siko hapa. Wataniita asubuhi hii.
Nimefungua tovuti. Kuna somo jipya — silo nililoandika. Ng'washi amelitunga mwenyewe: nyakati za vitenzi. Wakati uliopita, ameeleza vizuri. Uliopo, vizuri. Kisha anasita, nasikia wenzake wakimhimiza.
"Mwalimu, tumeona usitoke kwenye somo hivi hivi. Tutungie sentensi moja ya wakati ujao. Tunasubiri."
Nesi ameingia na kiti cha magurudumu. Anasema simu iachwe kwa shemeji aliyenisindikiza, daktari yuko tayari. Nimemwonyesha kidole kimoja — kidogo tu, dada.
Nimeandika kwenye nafasi ya maswali: Nita
Nesi amenyoosha mkono aichukue simu. Anasubiri. Bado naangalia lile neno