Gololi Tano Kwenye Kaunta ya Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Machi
Daktari karudi kutoka likizo na kichezeo! Daktari wa meno mzima. Gololi tano za chuma zinaning'inia kwenye fremu, kila moja kwa nyuzi mbili. Kakiweka hapa mapokezi, kwenye kaunta yangu, wagonjwa wapunguze woga. Unavuta ya pembeni, unaachia — tak! — inaruka ya upande wa pili. Za katikati zimetulia tuli. Ndiyo kazi ninayoitaka mimi.

Mgonjwa mmoja kauliza za katikati zina faida gani. Daktari akasema ndizo zinazopitisha pigo, hii kwa hii. Mgonjwa akasema basi hata yeye ndivyo, jino bovu liko kulia, linauma kushoto. Akaambiwa akalale kitini.

Jumanne, 4 Machi
Nimecheza kutwa. Vuta moja, inaruka moja. Vuta mbili, zinaruka mbili. Nikajaribu kuzitega kwa tatu — zikaruka tatu, ya katikati ikienda na hizi na zile! Hazipunjani hata kidogo.

Dada wa usafi anasema kitu kile kina jini. Nikamwambia ni fizikia. Akauliza kwani jini halisomi?

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Nilizivuta zote kwa pamoja, huku na huku. Nyuzi zimesokotana hazitazamiki. Daktari yuko semina hadi keshokutwa, heri. Dada wa usafi akaja mbio na mkasi. Nikasema usikate!

Kakata.

Alhamisi, 6 Machi
Tumezitunga upya kwa uzi wa kusafishia meno, ule wenye harufu ya mnanaa. Ya tatu ikakaa juu kidogo — pigo likifika pale linapotea njia, zote zinayumba kama zimelewa. Kumbe lazima zilingane kimo, zikae mstari mmoja! Rula, fungua, funga. Mara ya tisa — tak! Tukakumbatiana.

Dada kauliza tukifukuzwa je. Nikamwambia tumevuta wawili, tutaruka wawili.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari karudi. Kapita. Karudi nyuma, kanusa. Nikainamia daftari la miadi.

Mgonjwa wa kwanza — mwalimu wangu wa fizikia wa sekondari! Kastaafu, jicho lile lile. Mtihani wa mwisho alinipa nne. Kwa mia. Kachomwa sindano ya ganzi, kaambiwa asubiri hapa mbele yangu mpaka mdomo ufe. Akavuta gololi.

Sikujizuia. Shikamoo, mwalimu! Nikamweleza yote: mwendo unavyopita kati kwa kati, kwa nini mbili hutoa mbili, na kwamba mwishowe zinatulia kwa sababu kila tak inakula nguvu kidogo, inatoka kama sauti na joto. Nikaongeza, "Na kimo lazima kilingane, mwalimu, niligundua nilipobadilisha uzi."

"Uzi gani?" Daktari, mlangoni.

Mwalimu akainua mkono kutuzuia. Akataka kusema, ikatoka "mmfff." Akaomba kalamu kwa ishara. Nikampa ya bluu, akaikataa. Anataka nyekundu.

Sasa anaandika nyuma ya kadi yake, kaifunika kwa kiganja. Nami naandika huku nisimtazame. Daktari kaja kusimama juu yangu. Dada wa usafi kaganda na ufagio.

Mwalimu kapiga mstari. Anaweka alama. Tarakimu mbili! Naziona, ni mbili —

"Nimeuliza, uzi gani?"