Mama Furaha Hakutaka Kupanda Pamba

Kavira dada yangu, Butembo mumeamkaje?

Huku Goma ninafundisha watu kuongeza vitufe vyao kwenye programu huria ya ramani. Leo asubuhi niliwasomea maelezo ya jinsi programu ilivyoundwa mpaka wakasinzia. Mama Furaha, mushonaji wa Birere, akafunga ordinateri, kompyuta yake: "Mwalimu, kwenu mutu anajifunza kushona kwa kupanda pamba? Lete nguo iliyoshonwa, tuipunguze!"

Nikawapa kitufe kinachofanya kazi tayari, wakibadilishe. Kabla ya chakula cha mchana, sombe, kitufe cha Mama Furaha kilituonyesha kwenye ramani robine, mabomba ya maji ya mtaa wa Katoyi. Akainuka akacheza dansi, tukacheza naye!

Mwaka jana nilipokufundisha programu hii ukashindwa, nilisema una kichwa kigumu. Kumbe nilikupandisha pamba. Nisamehe, dada. Nikirudi tutaanzia kwenye nguo iliyoshonwa.

Kaka yako akupendaye,
Mbusa