Mama Mkwe Ndani ya Nikabu

Mpendwa mshauri, Dada Eunice, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijaropoka, maana siri niliyonayo imenikaa kooni na kila nikimwona mama mkwe wangu sijui nicheke au nilie. Mimi ni mke wa ndoa, tunaishi Rwamgasa, mume wangu Sostenes anafanya kazi kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu na mimi nauza vitenge sokoni, tuna mtoto mmoja, Ritha. Mama yake mume wangu ni mjane, tunaishi naye nyumba moja, na kanisani kwetu yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama, na kwenye kanisa hilo mwanamke hasuki, hapaki rangi kucha, na haingii ibadani bila kitambaa cheupe kichwani. Mimi nimekulia Shinyanga mjini, pale Ibadakuli, kwenye kanisa ambalo hakuna aliyehangaika na kichwa cha mtu, lakini nilipoolewa nikafunga kitambaa kama wenzangu, sikubisha, ila chini ya kitambaa nilibaki na rasta zangu, kwa sababu nywele zangu ni ngumu kuchana, na pia, nisikudanganye dada, nazipenda.

Sasa Jumapili moja nimempakata Ritha, mahubiri yamekolea, mtoto akakivuta kitambaa kikaanguka na rasta zikamwagika mabegani, tena nilikuwa nimechanganya na za rangi ya maruni. Ibada ilipoisha mama mkwe akanisimamisha mbele ya wamama wote akasema, "Huyu ni mkwe wangu na ninamwonea aibu. Mtumishi wa Mungu hawi na kichwa kama cha mcheza ngoma." Nikatolewa kwenye kwaya mpaka nifumue. Nyumbani Sostenes naye akaniambia, "Mama Ritha, fumua tu yaishe. Mama akinuna humu ndani hata chai haipiti kooni."

Basi nikaenda Katoro, kwa msusi anaitwa Mwanaima, mama wa Kiislamu, mpole, saluni yake ina chumba cha nyuma chenye pazia ambako wanawake wanaojisitiri wanasukwa bila mwanamume kuwaona. Akaniweka huko huko kwa sababu nilikuwa nalia. Nimefumuliwa nusu ya kichwa, upande mmoja rasta, upande mwingine nywele zimesimama, akaingia mwanamke ndani ya baibui jeusi na nikabu, yanaonekana macho tu. Mwanaima akamwambia, "Asalaam aleikum, bi mkubwa, karibu."

Yule mama akajibu, "Bwana asifiwe."

Halafu akakohoa, akasema haraka, "Waaleikum salaam."

Dada, sauti ile naijua, ndiyo inayoanza maombi kila alfajiri nyuma ya ukuta wa chumba changu. Mimi nilikuwa kwenye kona, hakuniona, akavua nikabu, akavua na ushungi, na chini yake kulikuwa na rasta ndogondogo zimesukwa vizuri kuliko zangu, za mbele zina ukahawia. Akamwambia Mwanaima, "Hizi za mbele zimelegea, naomba unirudishie." Akainua macho kwenye kioo akaniona.

Nikasema, "Shikamoo mama," kwa sababu sikujua kitu kingine cha kusema.

"Marahaba," akajibu, kwa mazoea tu.

"Kumbe mnajuana," Mwanaima akasema.

"Ni mkwe wangu," mama akasema.

Mwanaima alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akawa si yule tena, akamwambia, "Mama, mimi kichwa changu nakifunika kwa ajili ya Mungu wangu. Nikajua wewe ni mwenzetu, siku zote hizi nakuombea dua kwa jina la Zuhura ulilonipa. Ukija tena njoo na kitambaa chako cha kanisani, pazia langu linatosha kukuficha." Mama mkwe akainamisha kichwa, akaomba radhi, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa mtu yeyote.

Kisha akanigeukia akasema taratibu, "Mayu, mama yangu, nilipokuwa msichana watu walikuwa wananijua kwa nywele. Tulipookoka mimi na baba yake Sostenes nikazinyoa, sikulalamika. Sasa mwenzangu hayupo. Nikifunga mlango wa chumba nikavua kitambaa, nikajitazama, naona bado nipo. Usimwambie mtu." Nikamwonea huruma kwa kweli, nikamwahidi, tukarudi Rwamgasa kwa bodaboda moja, yeye katikati mimi nyuma.

Nikadhani sasa ataniacha nipumue. Jumapili iliyofuata akasimama madhabahuni akatangaza kwamba mkwe wake amefumua, ametubu, na kwenye kongamano la akina mama kule Geita atatoa ushuhuda jinsi alivyoshinda kiburi cha nywele. Watu wakapiga makofi. Nyumbani nikamuuliza, "Mama, ni nini hiki?" Akasema, "Nikilegeza ghafla watashangaa. Nisaidie tu." Na tangu hapo amezidi, wasichana wa kwaya anawakagua mlangoni kwa kuwapapasa vitambaa. Sostenes anafurahi anasema nyumba imepata amani. Kongamano ni Jumamosi hii. Nisimame nidanganye mbele ya madhabahu, au nisimame nimvue kile kitambaa kila mtu aone? Mkono unaniwasha dada.

Mama Ritha, Rwamgasa

*

Mama Ritha, marahaba. Huo mkono unaokuwasha, ukalie kwanza, ndipo usome jibu langu. (Majina yote nimebadilisha, wasomaji, na saluni msiitafute. Katoro ina mapazia mengi.)

Nimecheka, sikufichi, na pale kwenye kioo nimemwonea mama wa watu huruma. Lakini huruma yangu imeishia madhabahuni. Mtu ambaye umemfichia siri yake, kisha akakupandisha jukwaani ukatubu dhambi ambayo yeye anairudishia kila ikilegea, huyo amekugeuza kitambaa cha pili. Ulipaswa kukataa Jumapili ile ile. Badala yake uliuliza swali moja ukaishia hapo, ukaja kuninung'unikia mimi ambaye siwezi kufika Rwamgasa.

Na wewe pia una lako. Kanisa uliingia ukijua taratibu zake, ukafunga kitambaa juu na maruni chini ukitumaini mtoto hatakivuta. Kama huamini katazo hilo, nenda kwa mchungaji ukamwambie mchana kweupe, au rudi kusali kule ulikokulia. Kama unaliamini, lifuate. Wapo wanawake wanaofunika vichwa kwa moyo mmoja, wa kanisani na wa msikitini, na mchezo wenu huu unawachafulia jina. Mwanaima amemwombea mtu asiyekuwepo. Mpeleke mama mkwe wako kwake tena, bila nikabu, na muende wote wawili.

Kumvua mama kitambaa mbele ya watu, hapana. Sitaki hata kulisikia. Kichwa cha mwanamke hakifunuliwi kwa nguvu, awe amefunga ushungi, kitambaa cheupe au kilemba cha kwenda shamba, na awe mnafiki kiasi gani. Ukifanya hivyo watamlilia yeye, na wewe utabaki kuwa mkwe aliyemvua mama yake, na Ritha atasimuliwa hadi anaolewa.

Fanya hivi. Kesho mkichambua maharage, mkiwa wawili tu, mwambie: "Mama, siri yako ninayo na itabaki kwangu. Ushuhuda sitoi." Kisha funga mdomo uendelee kuchambua. Akilia, mpe maji. Akinuna, mwache anune, na Sostenes akisema chai haipiti, anywe maji naye. Mwambie mumeo kwamba amani anayoifurahia imetengenezwa kwa aibu yako, na ukali wa mama yake ni kazi yake kuukabili, si ya kichwa chako.

Mama mkwe mwenyewe ndiye alikupanga kwenye ratiba, yeye mwenyewe akutoe. Akikaidi akakuita, usikimbilie chooni. Simama, salimia, useme: "Habari hii mama mwenyekiti anaijua kuliko mimi, naomba aitoe yeye." Halafu kaa. Hutakuwa umesema uongo wala hutakuwa umemtaja.

*

Kwa kuwa kongamano lilikuwa karibu, jibu hili nilimsomea Mama Ritha kwa simu kabla gazeti halijatoka. Jumapili jioni akanipigia.

Alisema mama mkwe alisikiliza yale maneno juu ya ungo wa maharage, akanyanyuka, akaenda kulala bila kula. Hakumtoa kwenye ratiba. Jumamosi, ukumbi umejaa, akamwita kwa jina. Mama Ritha akasimama, akasalimia, akasema sentensi ile, akakaa.

Mama mwenyekiti akaomba maji, akanywa, akakishika kitambaa chake kama anayepima kama bado kipo.

"Ni kweli," akasema. "Habari hii naijua mimi. Nimewaaibisha wenzangu kwa nywele, nimewapapasa mabinti vichwani mlangoni, nikaanzia kwa mkwe wangu, na leo nilitaka aseme maneno ambayo si yake. Naomba anisamehe. Kuanzia leo, mwanamke akishafunga kitambaa chake, mimi siulizi tena kuna nini chini yake."

Akashuka, akaenda kukaa karibu na Mama Ritha, akampokea mtoto.

"Watu walisemaje?" nikamuuliza.

"Dada, walitazamana tu. Amina ya kwanza ilitoka kwa mke wa mchungaji, tena haraka haraka, huku anakaza fundo la kitambaa chake kwa mikono miwili."