Nimeivua Plasta Nyumba ya Babu

Jirani na stesheni ya zamani,
Kilosa.
21 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Lusekelo,

Shikamoo kaka. Najua umeishika barua hii huku unajiuliza ni nani siku hizi bado anaandika. Ni mimi, mdogo wako Doris. Kwenye simu nikifika tu kwenye neno nyumba, mtandao wa Bukoba unakatika. Karatasi haikatiki, kwa hiyo leo utanisikia mpaka mwisho.

Goti lako linaendeleaje? Na wifi Editha, presha yake imetulia? Mwambie dawa anywe kila siku, asingoje kichwa kimuume. Sisi huku hatujambo kabisa. Yared wangu amepata kazi kwa fundi magari pale Mikumi na anarudi kila Jumapili na nguo za kufuliwa. Vitunguu vya Lumuma mwaka huu vimekubali, namshukuru Mungu.

Sasa nyumba. Bwana Donati, yule mwenye gesti Mikumi, ananiambia wewe umeshakubali nyumba ya babu ivunjwe achukue matofali, na kwamba limebaki neno langu tu. Sababu yako naijua. Tangu tumzike baba, kila ukija unakuta kuta za sebuleni zinatoka jasho, rangi inabanduka, unga mwekundu umejaa sakafuni. Ukasema imeoza, tuiuze kabla haijatuangukia. Sikukulaumu, maana hata mimi nilianza kuiogopa.

Haijaoza, kaka. Tuliiziba pumzi.

Vitunguu ndivyo vilivyonifumbua macho. Mavuno yalipozidi niliweka magunia mengine sebuleni na mengine stoo ya nyuma. Baada ya wiki chache ya sebuleni yalikuwa yananuka, yameota na kuoza upande ulioegemea ukuta. Ya stoo, makavu, yanalia kachakacha ukiyagusa. Nikasimama pale nikijiuliza: nyumba moja, bati moja, mvua moja, kulikoni? Nikapapasa ukuta wa stoo. Ni matofali matupu. Hauna plasta.

Unakumbuka plasta ile ilipigwa lini? Ni wakati wa sendofu ya Devota wako. Kwetu nyumba isiyopigwa plasta ni nyumba isiyoisha, na wewe hukutaka wakwe waone matofali mekundu wakadhani tumeishiwa. Simenti ikakatika kabla ya kufika stoo, ukasema basi, huko wakwe hawafiki. Nilicheka sana nilipokumbuka. Usiumie moyo. Ulifanya kwa nia njema, na mtaa mzima tulikusifu. Lakini matofali ya babu yalipangwa kwa chokaa, yananyonya maji ya ardhini wakati wa masika na kuyatoa wakati wa kiangazi. Sisi tukayafunga kwa simenti na rangi ya mafuta juu yake. Maji yakakosa pa kutokea, yakaanza kuyala matofali kwa ndani.

Basi nikachukua tindo na nyundo. Jirani yangu Marselina alidhani msiba wa baba umenipanda kichwani. Akasimama kibarazani mikono kiunoni: "Mama Yared, wenzio wanapiga plasta, wewe unabandua?" Nikamwambia ashike nyundo au aondoke na maneno yake. Akashika nyundo. Huyo ndiye Marselina, kelele kwanza, kazi baadaye.

Habari zikafika Mikumi kwamba Doris ameanza kuvunja. Unajua Donati alifanya nini? Akaja na fuso na vijana wa kupakia! Nikamkuta amesimama mbele ya nyumba, ameduwaa. Plasta yote ya mbele ilikuwa chini, na ukuta umetoka mwekundu, tofali moja kwa urefu, moja kwa kichwa, mistari imenyooka. Machache yaliyokuwa yameliwa nilikwisha kuyabadilisha kwa matofali ya lile jiko la nje lililobomoka.

Akapitisha kiganja ukutani. "Dada Doris, haya ndiyo ninayoyatafuta. Wageni wa mbugani wanapenda jengo lenye historia. Nitakuongeza."

"Historia ya nani, Bwana Donati?"

"Ya… ya zamani."

"Ya zamani ina wenyewe. Babu yetu, Mzee Lupakisyo, hakupita Mikumi ila akiwa ndani ya gari. Kama matofali haya yanafaa gesti yako, yanafaa zaidi hapa yalipo."

Hakukasirika, ni mstaarabu. Alikunywa chai, nikampa vitunguu, fuso ikarudi tupu. Ila aliniambia anasubiri mimi na wewe tuseme neno moja. Kwa hiyo kaka, mpira uko kwako. Ukishikilia kuuza, tutabishana mbele ya ukoo, na sitaki tufike huko.

Shangazi Magreti alikuja kutoka Dumila kujionea, ameacha kibanda chake cha nyanya kwa jirani. Alipoona ukuta alilia. Akaugusa, akasema kwa Kinyakyusa ndaga, ndaga, kama anamshukuru mtu. Kisha akanieleza jambo ambalo baba hakutuambia. Sisi tulijua tu kwamba babu alitoka Tukuyu akawa kibarua wa reli na kuwachomea wakubwa matofali ya nyumba zao. Kumbe wakati huo wote yeye na bibi waliishi kwenye vyumba vya reli. Rafiki yake wa chumba cha pili akafariki kazini. Matanga hayajaisha, mjane akaambiwa arudishe funguo. Shangazi alikuwa mtoto, anakumbuka masufuria yakitolewa nje mvua ikinyesha. Jumapili iliyofuata babu alikwenda mtoni kukanda udongo wake mwenyewe. Alichoma matofali kila Jumapili mpaka padri akamlalamikia.

Hiyo ndiyo thamani ya nyumba hii, kaka, na naisema bila kuyumba. Nyumba za wakubwa zina watu wa kuzipiga picha. Ya kibarua, aliyejenga kwa tofali lilelile alilowachomea wao, imebaki hii, na wenye kuikumbuka ni sisi. Mafuriko ya mto Mkondoa yalipokuja, majirani walilala wapi? Hapa kwetu. Watoto wao hata leo wakipita husema hapo ndipo tulipookokea.

Sasa nikuulize kwa upendo, maana wewe ni kaka yangu na huniambii yaliyo moyoni. Desemba unastaafu. Nyumba mnayokaa Bukoba ni ya kazi. Wifi aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba hamjajua mtahamia wapi, na kwamba ulitaka kuuza ili upate pa kuanzia. Kwa nini hukuniambia? Niliumia, kisha nikainuka nikapaka chokaa chumba cha mbele, kile cha dirisha linalotazama reli. Kimekauka vizuri. Kitanda cha baba nimekirudisha humo.

Nisalimie Devota na mumewe. Mwambie wakwe wakija tena watapitia stoo, ndiko kuna ukuta mzuri zaidi. Shangazi Magreti anakusalimu, na Yared anasema shikamoo mjomba. Mungu aliyempa babu nguvu za kukanda udongo awape wewe na wifi safari ya heri.

Donati nimemjibu hapana. Wewe, Desemba ukifika, wakabidhi hao wakubwa funguo zao, umshike wifi mkono, mje. Hapa hakuna atakayewadai funguo.

Mdogo wako akupendaye na anayekusubiri,
Doris