Usingizi Wangu Kwenye Kikaango

Jumanne, 14 Mei
Leo wameniosha mguu ulioungua bila sindano, na sikutoa hata chozi!
Haya, uongo. Nimelia mpaka mbwa wa hospitali akahama kibarazani. Sista Sulaksha nimemtukania ukoo mzima, yeye anafunga bandeji tu.
Tangu chungu cha pombe ya mabibo kinimwagikie, walikuwa wananidunga ketamini, dawa ya usingizi, kidogo kila wakiniosha. Kifaa cha kupimia pumzi kimebana kidole, Sista kanikodolea macho. Napaa hadi kwenye pangaboi, namwona mzee kipara kitandani mwangu, namhurumia. Nikirudi — bandeji mpya. Raha!
Leo, hakuna. “Imeisha stoo, babu. Vichupa vimeyeyuka.”
Vimeyeyuka! Na mtunza stoo ni Agnelo, mpwa wangu.

Alhamisi, 16 Mei
Agnelo naishi naye. Asubuhi kaenda chooni mara nne, chai yangu haijapoa. Nikamtania, “We, una mimba?” Hakucheka. Kajikunja, kashika tumbo chini ya kitovu. Nikachungulia chooni — mkojo mwekundu kama sharubati ya tunda la kokamu.

Ijumaa, 17 Mei
Nilitaka kukaanga yai. Kikaango cha marehemu mke wangu kina ukoko mweupe pembeni. Ukoo wetu wote wapika pombe! Najua kitu kilichochemshwa mpaka maji yakaisha. Nyuma ya jiko, vichupa vitupu vya hospitali.
Usingizi wangu! Nimembana Agnelo, kakiri: kaukausha, kausaga, kawauzia wacheza muziki wa ufukweni wauvute puani. Na mwenyewe anavuta, fala huyu!
“Mjomba, si hata wewe uliipenda? Si ulisema unapaa?”
“Mimi napaa, Sista kashika kamba! Wewe kamba yako kashika nani?”
“Na pombe yako je?”
Nikamtupia kijiko. “Pombe yangu sikuichota kwenye mguu wa mtu!”
Swali lake limeniuma kidogo, ndiyo maana nikatupa na kikombe.

Jumamosi, 18 Mei
Hospitali. Siku ya kuoshwa. Dawa bado. Nimepewa vidonge viwili vya maumivu — kama kumpulizia tembo!
Agnelo nimemkokota. Sista kamwangalia mkojo, kanuna. Anasema ketamini ya puani inakila kibofu kwa ndani, kikisinyaa huenda kisirudi. Aache leo hii, aende hospitali kubwa. “Umeipata wapi, kaka?” Agnelo kasogea mlangoni. Mimi sikumtaja — na hasira zangu zote! Akisema, kazi hana. Asiposema, wiki ijayo nitalia tena, mimi na yule mama wa kitanda cha pili aliyeungua kifua.
Sista anapanga koleo. Agnelo kasimama mlangoni, anataka kukimbilia chooni.
Nikamwita, “Bwana wee, njoo hapa. Kikaango sikudai. Shika mguu huu kwa mikono miwili, usiuachie mpaka Sista amalize. Na wakati umeushika, akikuuliza tena umeipata wapi, mwambie.”