Kufuli la Sura ya Tisa

Jumamosi, 8 Machi

Kitabu kimetoka! Nimekinusa mpaka nikapiga chafya. Miaka sita nikiandika moto mmoja, wa zamani, uliotokea kweli.

Uzinduzi ulifurika, watu wamekaa hadi kwenye ngazi. Nilisoma sura ya tisa: kiwanda cha magodoro, wafanyakazi wamegoma humo ndani, mlinzi anafunga mlango kwa nje – kufuli – ufunguo anauficha kwenye soksi. Sponji inashika moto. Watu thelathini na mmoja. Nilipofika pale ngozi inapobanduka, bibi mmoja alitoka kutapika. Mhariri wangu akaninong'oneza kwamba hiyo ndiyo sifa. Mshenzi.

Mama alikaa mbele, macho makavu. Mdogo wake alikuwa mmoja wa wale thelathini na mmoja. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Walimtambua kwa hereni.

Jumanne, 11 Machi

Redio asubuhi nzima: huyo mlinzi ni nani, na yuko wapi? Nikapiga simu studio. Ni riwaya, jamani! Ripoti ya wakati ule ilisema mlango ulikwama, basi. Kufuli ni langu. Nililibuni jikoni nikimenya vitunguu, kwa sababu mlango uliokwama haumpi msomaji mtu wa kumchukia.

Mtangazaji akacheka. "Mwalimu, mambo kama haya hayabuniwi. Kuna kitu unakijua." Akaweka muziki.

Alhamisi, 13 Machi

Wamempata.

Ana miaka sabini na minane, fundi viatu nyuma ya stendi. Kweli alikuwa mlinzi wa zamu siku ile. Mimi hata sikujua kama yu hai! Wamempiga kwa nyundo yake mwenyewe. Mkono wa kulia umevunjika mara tatu, mbavu, jicho moja halipo tena. Kijana mmoja alikuwa na kitabu changu, amekunja pembe ya ukurasa. Kila pigo, anataja jina la marehemu mmoja. Walifika jina la kumi na mbili ndipo polisi wakatokea.

La mama mdogo lilikuwa la ngapi? Najichukia kwa kuuliza.

Nimemwambia mama. Alikuwa anakunja nguo.

"Wamemwacha hai?"

Basi. Akaendelea kukunja.

Ijumaa, 14 Machi

Nakala zimeisha, mhariri anachapa nyingine. Nikamwambia asimamishe. Akasema nimechoka, nikapumzike, sasa ndiyo wakati wetu. Wetu! Nikamtupia kikombe. Kilimpata juu ya nyusi. Damu ilimwagika kwenye kurasa za majaribio, tukabaki tunatazamana kama wajinga. Mimi huyu, ninayetenganisha watoto wa darasa la tano wakipigana kila siku.

Sikumwomba radhi. Na mkono ulinisisimka – sitaki kuandika kwamba ilikuwa raha.

Jumapili, 16 Machi

Hospitali. Binti wa yule mzee ni muuguzi palepale. Nilipojitaja tu, akanikwida, akanibamiza ukutani mpaka kichwa kikalia.

"Wewe! Baba yangu hajawahi hata kuchinja kuku! Kesho unakwenda redioni, unasema ulitunga. Kwa mdomo wako. La sivyo watarudi wammalizie."

Nikasema nitakwenda. Kwani si kweli? Nilitunga! Akaniachia. Akalia. Kisha akainama kunitafutia kifungo cha blauzi alichokikata, akaniwekea mkononi. "Samahani, dada."

Mzee akataka tubaki wawili. Uso kama nyama ya buchani. Jicho moja likinitazama.

"Nilisomewa sura yako, mwanangu. Umekosea."

"Najua, mzee. Nisamehe. Nilibuni tu."

"Haikuwa soksi. Ufunguo niliushika mkononi." Akafumbua kiganja cha kushoto. "Niliukamata hivi, mpaka ukanichana."

Nikakaa kitandani kwake bila kukaribishwa.

"Meneja alisema nifunge dakika kumi, wapate adabu. Akapanda gari, akaenda zake. Na wale wa ndani hawakuanza na mayowe kama ulivyoandika. Kwanza waliniita kwa jina. Taratibu. Walidhani nimesahau."

"Kwa nini hukufungua?"

Akakifumba kiganja.

"Nilimwogopa yule ambaye angetoka wa kwanza."

Kisha: "Binti yangu hajui."

Nilitaka kumziba pumzi. Pale pale, kwa mto wake. Nilikuwa nimeshaushika. Binti akaingia na dawa, akaona nimeshika mto, akadhani namwekea vizuri. Akanishukuru!

Jumatatu, 17 Machi

Redio ni saa nne. Karatasi iko tayari: "Lile kufuli nililibuni mwenyewe. Sikuambiwa na mtu." Kila neno ni kweli. Nimelisoma mara ishirini, na kila mara nasikia uongo.

Mama ameiona. Akauliza, jana mzee alikuambia nini? Nikasema hakuweza kuongea. Akanizaba kofi – mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na minne.

"Nimekuzaa mimi. Uso wako naujua. Alifunga au hakufunga?"

Ameketi mbele yangu sasa hivi, na naandika ili nisimtazame. Kumbe namba za wale vijana waliompiga mzee anazo. Mmoja ni mjukuu wa rafiki yake. Wanangoja neno langu tu, anasema, wodini wanajua pa kupitia.

Honi huko chini. Nimechungulia dirishani. Binti amekuja na teksi, bado amevaa sare. Ameniona, akanipungia mkono. Anatabasamu! Sikujua ana mwanya.

Mama amebonyeza namba. Ameiweka simu mezani, spika imewashwa, kando ya daftari hili. Inaita. Honi tena. Sijasema ndiyo, sijasema hapana.

Wamepokea. Sauti ya kijana, ya upole:

"Shikamoo, bibi. Haya, tuambie."

Mama ananitazama